Waliniambia nimeunguza preampli ya mikro, kumbe kable yao njo ilikuwa mbovu

Kama uko hapa Lubumbashi na unataka kununua ile preampli ndogo ya mikro, kale kachuma ka kuchomeka kati ya mikro na kable ili sauti ipande, soma hii mbele ya kutoa makuta yako. Mi bado niko na hasira na sitaificha. Mtu ananiuzia kitu, kitu kinakataa kufanya kazi, na badala ya kutafuta tatizo liko wapi ananigeuza mimi njo mwenye kosa mbele ya makliya wake wote. Jina la butiki nitaliacha. Iko mu mji katikati, inatosha.

Kazi yangu ni kurekodi wazee. Hapa kwetu bado tuko na wazee wa kambi za Gécamines, ile kampuni ya kuchimba shaba, na wengine waliingia kazini wakati ingali inaitwa Union Minière, mbele ya 1967. Hao wakienda wanaenda na mambo yote: nani alikuwa kapita, msimamizi wa timu, posho ilikuwa inagawiwa namna gani, wakubwa walikuwa wanaishi upande gani na wafanyakazi upande gani. Sasa mzee wa umri ule hasemi kwa nguvu. Kifua kimechoka, anaanza neno kwa sauti analimaliza kwa pumzi tu, na huwezi kumwambia tata, sema kwa nguvu, juu ukimwambia vile anaanza kuhutubia kama yuko ku mkutano na hadithi inakufa palepale.

Mikro ya kondensa nilishatumia, inanasa mzee vizuri lakini inanasa na jogoo, grupu ya umeme ya jirani, watoto wa mlango wa pili, na mvua ikianza ku malata, mabati ya nyumba, unafunga kila kitu unaenda kwako. Njo maana niko na mikro dinamiki. Hiyo inasikia zaidi kile kiko karibu na mdomo, vya mbali inaviacha nyuma. Ubaya wake ni signali. Ndani mna waya mwembamba sana umezungushwa karibu na sumaku, sauti ya mtu njo inautikisa, hakuna umeme mwingine wa kusaidia, kwa hiyo kinachotoka ni kidogo mno. Hata ile Shure SM7B ambayo kila mtu anaitaka, wenyewe Shure wanasema inahitaji preampli ya angalau desibeli 60 za kupandisha sauti. Karte za sauti, kale kasanduku ka kuingizia mikro mu kompyuta, za bei yetu zikifika huko zimeshamaliza nguvu: unazungusha kifungo cha geni, kile cha kupandisha signali, mpaka mwisho, mzee bado yuko mbali, na chini yake unasikia shhhhh bila kukatika. Shhhhh hiyo ukishaipandisha pamoja na maneno hakuna programu itakuondolea bila kumuharibu mzee naye.

Kale kachuma kanaingia hapo. Kanakula ile fantomu, 48 volti zinazotoka ku karte au ku mikseri kupitia kable ileile ya mikro, na kwa huo umeme kanapandisha signali ikiwa bado karibu na mikro, mbele haijasafiri mu kable. Zinazojulikana kama Cloudlifter na FetHead zinaongeza desibeli 25 mpaka 27 hivi, na desibeli 20 peke yake ni voltaji mara 10, sasa ujue. Hapo geni ya karte unairudisha katikati, mahali inafanya kazi bila makelele. Na fantomu inaishia palepale ndani, haifiki ku mikro, kwa hiyo hata mikro za riboni za zamani ambazo batu banaogopa kuziwekea 48 volti ziko salama. Lakini kondensa usiiweke nyuma yake, hiyo inahitaji ile 48 na itabaki bila umeme.

Basi nikaenda kununua. Bei sitaisema, nikisema tu ni makuta ambayo nyumbani yangekuwa mifuko ya bunga mnaelewa. Muuzaji akanisukumia na kable mpya juu yake, eti ile yangu ya zamani itaharibu kitu kizuri namna hii. Nikalipa vyote viwili. Fakture akaandika kwa shida, garanti akasema kwa mdomo.

Nikifika nyumbani, nikachomeka, nikawasha 48, nikaweka kaske ku masikio. Sauti ilitoka nyembamba, inapasuka-pasuka, inakwaruza, kisha inapotea. Nikatoa preampli nikaacha mikro na kable ileile peke yake: mikro inaimba vizuri kama kawaida, kidogo lakini safi. Narudisha preampli, uchafu uleule. Mtu yeyote angeona vile angesema kachuma kamekufa.

Nikarudi butiki na vitu vyote mu sakoshi, kwa heshima, patron bonjour, hii kitu haifanyi. Akachomeka mikro na ile kable bila preampli, ikaimba. Akaweka preampli, ikakwaruza. Hakungoja hata kidogo. Aliniuliza kama niliwasha 48 volti, nikasema ndiyo, njo inavyotakiwa, akapiga kofi ku kontwari akageukia makliya: «Munaona? Njo ameiunguza! 48 volti ku kitu kidogo vile!»

Jamani. Ile kitu inaishi kwa 48 volti. Bila 48 ni chuma tu cha kushikilia milango. Mtu anayeiuza kila siku hajui inakula nini, halafu anasema mimi njo nimeiunguza kwa kuilisha. Nikamwomba kitu kimoja tu, patron, jaribu na kable nyingine, nyuma yako zimening'inia nyingi, chukua moja yoyote. Alikataa. Akasema hatafungua kable mpya kwa mtu ambaye ameshaharibu mali. Nikamwomba tena, sasa hivi sauti yangu nayo imepanda, nakubali, na njo akasema ile neno sitaisahau: «Tata, mi niko mu elektroniki tangu zamani, we unarekodi hadithi za wazee. Rekodi ku telefone, inatosha wazee.»

Inatosha wazee. Batu waliochimba shaba iliyojenga huu mji wote, ambao hata yeye babu yake labda alikuwa mu kambi moja nao, eti telefone inawatosha. Makliya wengine walicheka. Nilitoka.

Ile wiki kama mngeniuliza ningewaambia hizi preampli zote ni wizi, nunueni mikro ya kondensa mteseke na majogoo. Lakini niko na fundi ku komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi, anayetengeneza ampli za makanisa, nikampelekea ili anifungulie kachuma aone kama kameungua kweli. Hakukafungua. Aliniuliza kwanza, yaya, na kable ni ipi? Nikamtolea. Akafungua skurubu ya mwisho wa kable, akavuta kifuniko nyuma, akageuza ku mwanga ili nami nione.

Kontakta ile iko na pini tatu. Kable ya kweli inaleta waya mbili ndani na wavu wa kuzifunika, kila kimoja na pini yake. Hii ya butiki ilikuwa na waya moja tu katikati na kawavu kembamba ka kuhesabu nyuzi. Waya imelehemiwa ku pini ya 2, wavu ku pini ya 1, na pini ya 3 ile inayobaki bila kitu, wameiunganisha na pini ya 1 kwa kipande kidogo cha waya na donge la lehemu. Akaichomeka ku mikseri yake, akawasha fantomu, akaweka multimetre: pini ya 2 karibu 48, pini ya 3 sufuri. Sufuri kabisa! Umeme wa upande ule unaingia mu ardhi palepale.

Akanieleza polepole kwa nini ilitudanganya. Mikro dinamiki haihitaji umeme, waya yake ndani iko na miisho miwili, mmoja ukiwa ku pini 2 na mwingine umefungwa ku ardhi bado inaimba, labda na mngurumo kidogo. Kwa hiyo kila ukijaribu kable kwa mikro peke yake kable inaonekana nzima. Lakini preampli inataka 48 pande zote mbili, 2 na 3, ukiinyima upande mmoja ni nusu ya mwili imekufa. Kable za namna hii zinatengenezwa kwa karaoke na bafle za harusi, huko hazina shida. Kuzisukuma kwa mtu amenunua preampli njo ubaya wenyewe.

Akachukua kable yake ya zamani, imepakwa rangi ya ukuta, imefungwa skochi, ya waya mbili. Tukachomeka. Nikaweka kaske, akasema «moja, mbili» kwa sauti ya kawaida, na mi nikaruka. Geni ilikuwa bado pale nilipoiacha, juu! Nikairudisha nyuma mpaka katikati na bado alikuwa ndani ya masikio yangu. Na chini yake, kimya. Ile shhhhh imeshuka kiasi kwamba nilitoa kaske kuangalia kama kuna kitu kimezimika.

Sasa mi siwezi tena kusema msinunue. Nilirudi kwa mzee wa kambi, nikamrekodi asubuhi moja kabla jirani hajawasha grupu. Unasikia pumzi yake anapotafuta jina la mtu. Unasikia ulimi, unasikia mkono unateleza ku fimbo. Lile neno analomaliza kwa pumzi liko pale lote. Nilimvalisha kaske ajisikie, akanyamaza muda, akasema, «Kumbe bado niko na sauti.» Kwa hiyo moja tu, nikiulizwa kama makuta yalipotea nasema hapana, hata ingekuwa zaidi ningelipa.

Bon, niseme na upande mwingine. Kama karte yako ni nzuri na geni yake ni safi mpaka juu, hutasikia tofauti ya bei ile. Na mbele ya kununua chochote sogeza mikro karibu, kupunguza umbali nusu kunakupa desibeli 6 za bure. Tena kachuma hakachagui: kanapandisha kila kile mikro inasikia, jogoo naye akiwa karibu atapanda. Kinachosaidiwa ni makelele ya karte, makelele ya kartie, ya mtaa wako, yanabaki yako.

Nilirudi butiki na kable imefunguliwa. Nikamwekea pini ku kontwari, nikamwonyesha kale kawaya kati ya 1 na 3. Aliangalia, najua alielewa, juu ile kofi ya kontwari haikurudi. Akasema tu kable haina garanti ikishafunguliwa. Nyuma yake zilezile zingali zimening'inia, na kijana mmoja wa kwaya alikuwa ameshika moja mkononi anauliza bei. Nikamwambia, kaka, ifungue kwanza uhesabu waya. Muuzaji akanifukuza.

Makuta ya kable anaweza kubaki nayo. Mi nataka aseme mbele ya makliya, kwa sauti ileile ya ile siku, kwamba sikuunguza kitu.