Vifuniko vya Mpira vya Viatu vya Tapu: Vinalinda Vizuri Njiani, Lakini Havifai Mazoezini

Mzazi ambaye mtoto wake ameanza kujifunza dansi ya tapu hukabiliwa mapema na swali ambalo mzazi wa mtoto wa baleti halijui: kiatu hiki kivaliwe wapi, na kivuliwe wapi? Chini ya kila kiatu kuna vibati viwili vya alumini, kimoja mbele chini ya vidole na kingine chini ya kisigino, na hivyo ndivyo vinavyotoa sauti ambayo bila hiyo dansi yenyewe haipo. Vibati hivyo hukwaruzwa na lami na zege, huteleza juu ya vigae, na huacha alama kwenye sakafu za mbao. Kwa sababu hiyo maduka ya vifaa vya dansi huuza vifuniko vya kuvalishwa juu ya kiatu, nami nimevitumia kwa msimu mzima wa masomo ya binti yangu hapa Massachusetts, Marekani, tangu madarasa yalipofunguliwa Septemba hadi onyesho la kufunga mwaka. Maoni yangu ni kwamba vifuniko hivi vinalinda vizuri sana wakati wa kutembea, na havifai kabisa wakati wa mazoezi, ingawa maandishi ya kwenye paketi yanaahidi yote mawili.

Aina niliyonunua imetengenezwa kwa mpira mweusi unaovutika, uliofinyangwa kwa umbo la kiatu kizima, na niliilipia dola 22 kwa jozi. Soli yake ina mifereji ya kushika ardhi, na kingo zake hupanda pande zote hadi karibu na mahali ambapo ngozi ya kiatu hukutana na mguu. Kuivalisha si kazi ngumu: ncha ya kiatu huingizwa kwanza, kisha sehemu ya nyuma huvutwa hadi ishike kisigino. Mtoto wa shule ya msingi huweza kufanya hivyo mwenyewe akiwa ameketi, mradi asiwe na haraka. Ikiwa mpya ilikuwa na harufu kali ya mpira ambayo iliisha baada ya kuoshwa kwa sabuni na kuanikwa barazani.

Thamani ya kitu kama hiki haiwezi kupimwa bila kuelewa kwamba kibati ni chombo cha muziki. Tapu ilizaliwa Marekani, pale ambapo ngoma za Waafrika waliofanywa watumwa zilipokutana na dansi za hatua za Waayalandi na dansi za viatu vya mbao za Waingereza. Baada ya uasi wa watumwa uitwao Stono wa mwaka 1739, koloni la South Carolina lilipitisha sheria mwaka 1740 iliyowakataza watumwa kutumia ngoma, na midundo iliyozuiwa kwenye ngozi iliendelea kuishi katika viganja na nyayo. Kufikia miaka ya 1840, William Henry Lane, Mwafrika-Mmarekani aliyejulikana kwa jina la jukwaani la Master Juba, alikuwa amejipatia umaarufu katika mtaa wa Five Points jijini New York. Mchezaji mashuhuri wa tapu Bill Robinson, aliyezaliwa mwaka 1878, alijulikana kwa kucheza akiwa amevaa viatu vya soli za mbao, na vibati vya chuma vilienea katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Tangu mwaka 1989 siku yake ya kuzaliwa, tarehe 25 Mei, huadhimishwa Marekani kuwa siku ya kitaifa ya tapu. Msomaji aliyewahi kumwona mchezaji aliyefunga njuga miguuni hahitaji maelezo marefu hapa: mguu unacheza na kupiga kwa wakati mmoja, na chochote kinachouharibu au kuunyamazisha ule mlio kimeigusa dansi yenyewe.

Tuanze na mahali vifuniko vinapostahili sifa. Alumini ni laini kuliko chuma cha pua, na kokoto ndogo za maegesho ya magari zinatosha kuichimba. Kibati kilichotembezwa juu ya lami mara kwa mara hupata kingo zilizochongeka, na kingo hizo ndizo baadaye zinazoikwaruza sakafu ya studio. Baya zaidi ni kwamba vichwa vya skrubu hulika. Skrubu hizo si za kushikilia tu, kwa maana katika vibati vingi mchezaji huzikaza ili kupata mlio mkavu na uliobana, au huzilegeza kidogo ili kupata mlio mpana wenye mtikiso. Kichwa cha skrubu kikishalika, bisibisi haishiki tena, na kiatu hubaki na sauti moja hadi fundi akitoboe. Katika msimu wote niliotumia vifuniko, vibati vya viatu vya binti yangu vimebaki na kingo laini, na skrubu zote zinafunguka bila shida, ingawa kila wiki amepita kwenye maegesho yenye changarawe na ngazi za zege.

Majira ya baridi ndiyo yaliyonishawishi zaidi. Huku kwetu barabara na njia za waendao kwa miguu hunyunyiziwa chumvi na mchanga ili kuyeyusha barafu, na mchanganyiko huo huingia kila mahali. Chumvi huzitia kutu skrubu za chuma na huacha madoa meupe kwenye ngozi ya kiatu, nao mchanga hukwama kati ya kibati na soli na kuharibu mlio. Kifuniko kinachofunika kiatu kizima huzuia yote haya. Hata hivyo kina sharti moja ambalo sikuliona likitajwa kwenye paketi: lazima kivuliwe mara tu safari inapoisha. Unyevu ukifungiwa ndani ya mpira usiopitisha hewa, skrubu zinaweza kushika kutu ndani ya kile kile kilichonunuliwa ili kuzikinga. Vilevile punje za mchanga zikiingia ndani ya kifuniko, kila hatua huwa inakisugua kibati. Sisi hukigeuza kifuniko, hukikung'uta, hupangusa vibati kwa kitambaa kikavu, kisha vitu hivyo viwili huwekwa katika mifuko tofauti.

Kuhusu sakafu, ni vyema kueleza madhara hutoka wapi, kwa kuwa wenye nyumba wengi hudhani chuma chenyewe ndicho adui. Kibati kizuri, kilichofungwa sawasawa, kina uso laini na kingo za mviringo. Kinachokwaruza ni skrubu iliyochomoza, kibati kilicholegea na kuinua ukingo wake, au punje ya mchanga iliyobanwa katikati. Mbao ngumu kama mwaloni huvumilia vibati kwa miaka mingi, ndiyo maana studio huitumia, japo vanishi yake huchakaa. Mbao laini kama msonobari hubonyea hata kama kibati hakina dosari, kwa sababu uzito wa mwili wote unashuka juu ya ukingo mdogo. Mazulia ya plastiki yanayotandikwa kwa ajili ya baleti ndiyo yanayoumia zaidi, na studio nyingi haziruhusu vibati kuyakanyaga kamwe. Kwenye studio yetu chumba cha tapu kiko nyuma ya chumba cha baleti, na vifuniko vimewawezesha watoto kuvuka bila kuvua viatu. Mwalimu alivikubali baada ya kuvikagua na kuona kwamba mpira wake hauachi alama nyeusi, jambo ambalo kila mnunuzi anapaswa kulijaribu kwa kuburuza kifuniko juu ya karatasi nyeupe kabla ya kukiingiza kwenye sakafu ya watu.

Sasa kuhusu mazoezi. Paketi inasema kwamba mchezaji anaweza kufanya mazoezi nyumbani bila kuwasumbua majirani. Ni kweli majirani hawasumbuki, kwa kuwa sauti haipo. Lakini mchezaji wa tapu hujifunza kwa sikio. Hatua ya kwanza kabisa anayofundishwa mtoto, ya kuupeleka mguu mbele na kuurudisha huku kibati kikigusa sakafu mara mbili, hupimwa kwa usawa wa sauti hizo mbili: je, zina nguvu moja, na je, zina nafasi sawa kati yake? Ndani ya mpira sauti hizo huwa kishindo kimoja kizito, na kosa na sahihi husikika vilevile. Ni sawa na kujifunza kupiga ngoma iliyofunikwa blanketi.

Kuna tatizo la pili, nalo ni la mwili. Kibati huteleza kidogo kinapoigusa sakafu, na mchezaji huutegemea mtelezo huo katika kila hatua ya kupangusa. Mpira hautelezi; hushika. Mtoto anayepangusa mguu akiwa na kifuniko hulazimika kuuinua zaidi au kuusukuma kwa nguvu, na goti pamoja na kifundo cha mguu hupokea mkazo ambao haukustahili kuwapo. Aidha, unene wa mpira huongeza urefu wa kiatu, hivyo umbali ambao kifundo kimezoea kuupima hubadilika. Binti yangu alipofanya mazoezi na vifuniko kwa siku kadhaa, mwalimu aligundua mara moja, bila kuambiwa, kwamba miguu yake imekuwa mizito na kwamba anakanyaga badala ya kugusa. Tuliacha, na wepesi ukarudi.

Kwa mazoezi ya nyumbani, fedha iwekwe kwenye ubao. Kipande cha plaiwudi chenye upande wa sentimita 120 hivi na unene wa milimita 18 kinamtosha mtoto kwa hatua zote za mwanzo. Juu yake unaweza kupigilia hadibodi, yaani ubao mwembamba mgumu wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, ambayo hutoa mlio mzuri na hubadilishwa kwa bei ndogo ikichakaa. Chini yake weka mikeka ya mpira ya vipande vinavyounganishwa, ile inayouzwa kwa ajili ya vyumba vya mazoezi, ili ubao usiteleze, usikwaruze sakafu ya mwenye nyumba, na uwe na mnepo kidogo wa kuyahurumia magoti. Jirani wa chini bado atasikia kitu, kwa hiyo panga naye saa. Sisi tunaishi ghorofa ya pili katika nyumba ya kupanga, na mpango wa nusu saa kabla ya chakula cha jioni haujaleta lalamiko lolote. Wapo pia wachezaji wanaopendelea kuvaa raba za kawaida wanapokariri mpangilio wa hatua peke yake, na hilo naliona ni bora kuliko vifuniko, kwa kuwa angalau mguu unajua kwamba haujavaa kiatu cha tapu.

Vipimo vinahitaji uangalifu kuliko muuzaji anavyodokeza. Vifuniko huuzwa kwa saizi tatu tu, ndogo, ya kati na kubwa, ilhali viatu vya tapu vina maumbo tofauti sana. Kwenye kiatu bapa cha kufunga kwa kamba, cha aina ambayo kampuni za vifaa vya dansi za Capezio na Bloch huuza kwa wakubwa na wadogo, kifuniko kilikaa vizuri bila mikunjo. Kwenye kiatu cha mkanda cha watoto kilikaa vyema pia, isipokuwa ukingo wake ulisugua bizimu ya mkanda na kuanza kuchanika hapo. Kwenye kiatu changu mwenyewe cha kisigino cha sentimita nne, kwani nami nahudhuria darasa la watu wazima, kifuniko kilijivuta na kuacha uwazi katikati ya soli, na wakati wa kushuka ngazi kilijaribu kuvuka kisigino. Sikipendekezi hata kidogo kwa viatu vya kisigino kirefu. Anayenunua na aangalie pia unene wa mpira kwenye ncha ya mbele, kwa sababu ukingo wa kibati huukata kutoka ndani. Vya kwetu vimeanza kuonyesha mstari mwembamba hapo, na nadhani vitamaliza msimu wa pili kwa shida.

Ipo aina nyingine, ya kitambaa cha lastiki chenye ngozi laini chini, inayofunika ncha na kisigino peke yake. Ni nyepesi na huingia mfukoni, lakini hunywa maji, hivyo haifai nje ya jengo. Ipo pia ya vibandiko vya kugandisha juu ya kibati chenyewe. Hiyo naomba iachwe dukani, kwa sababu gundi yake hubaki kwenye alumini na kuingia kwenye mifereji ya skrubu, na kuisafisha bila kuharibu ngozi ya kiatu ni kazi ya fundi.

Faida ambayo sikuitarajia ilionekana siku ya onyesho. Nyuma ya pazia watoto wengi walikuwa wakisubiri zamu wakati wadogo zao wa baleti wakicheza kwa muziki wa taratibu, na kila hatua ya kibati ingesikika hadi safu ya mwisho ya viti. Waliovaa vifuniko walitembea, wakaenda msalani, wakarudi kwenye mstari bila kusikika, kisha wakavivua ukingoni mwa jukwaa na kumkabidhi mzazi wa zamu. Andika jina ndani ya kila kimoja kwa kalamu isiyofutika, maana vyote ni vyeusi na hufanana. Kwa watoto walio chini ya miaka sita, ambao hukimbia kwenye ngazi na hawangoji kukaa ili vifuniko viingie hadi mwisho, mimi ningebeba viatu kwenye mfuko na kuwavalisha mlangoni mwa darasa.