Zana ya Maoni ya Moodle: inafaa, ukijua cha kuuliza

Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, ina zana ya Maoni (Feedback), yaani dodoso la kujazwa na wanafunzi, inayomfaa mhadhiri anayetaka kurekebisha mambo kabla muhula haujaisha. Ifungue wiki ya 5, ili wanaojibu wafaidi wenyewe. Chagua mpangilio usioonyesha majina, weka maswali 4 tu. "Ukumbi ukoje?" ni swali bovu, uliza: "Ukikaa safu ya nyuma, unamsikia mhadhiri? Unasoma ubao?" Hapo utajua kama kasoro ni kipaza sauti, mwanga wa dirishani au maandishi madogo ya projekta. Majibu hupakuliwa kama jedwali la Excel, safi kabisa.

Udhaifu upo: katika darasa la watu 6, mtindo wa kuandika humfichua mtu. Na marekebisho yasipotangazwa darasani, mara ya pili wengi hawajazi.