Pasipoti imejaa mihuri: uchukue mpya au hati ya dharura?

Mfanyabiashara wa Mwanza anayevuka Mutukula na Sirari kila mara hujaza kurasa upesi. Usitegemee kuongezewa, hata Marekani iliacha huduma hiyo Januari 2016.

Hati ya dharura ya safari ni nafuu, na inakuokoa ukiitwa ghafla msibani Kampala. Ila ni ya muda mfupi, wala si ya kupangia safari za Guangzhou.

Pasipoti mpya ya kielektroniki, iliyozinduliwa 2018, hudumu miaka 10. Ada yake, shilingi 150,000, inauma, hasa mtaji ukiwa bado kwenye dagaa. Hata hivyo mimi nasema chukua hii. Na viza ya Marekani iliyo hai kwenye kitabu cha zamani haifi: beba vitabu vyote viwili. Omba mapema, kurasa mbili tatu zikiwa bado nyeupe.