Kava la kitenge la kiti cha Neema: kazi safi ya fundi, lakini nimelivua

Nina binti wa miezi saba, Neema, nina gari dogo, Toyota IST, na nina mama mkwe Sengerema ambaye wiki mbili zikipita hajambeba mjukuu wake, anapiga simu mwenyewe. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kisingizio cha foleni ya kivuko kimekwisha. Magari yanakimbia kweli kwenye barabara ile, na habari ya kumpakata mtoto ndani ya gari nilishaikataa. Nikanunua kiti cha mtoto cha mtumba pale Mlango Mmoja, hapa Mwanza, kwa shilingi 90,000. Kabla ya kutoa hela nilikikagua: plastiki haina ufa, mikanda haijachanika, lebo ya rangi ya chungwa yenye R44, kanuni ya Umoja wa Mataifa ya usalama wa viti vya watoto, ipo, na tarehe ya kutengenezwa imegongwa chini yake, haijapitwa na wakati. Kama kiliwahi kuwa ndani ya ajali huko kilikotoka, muuzaji hawezi kujua, na hilo bado linanikosesha amani kidogo.

Kilichonikera ni kava. Jeusi, lina madoa ya maziwa ya mtoto wa mwenzangu, na gari likisimama juani kidogo tu linachoma mkono. Nikanunua kitenge cha maua ya njano, nikambebea fundi mmoja kwenye vichochoro vya Makoroboi, kibaraza cha cherehani tatu.

Kwanza kazi ya mikono yake, maana anastahili kusifiwa. Hakulifumua kava la zamani. Aligeuza nje ndani, akalilaza juu ya gazeti, akalichora kwa chaki kipande kwa kipande. Pindo amelikunja mara mbili, lastiki ameipitisha kwenye njia yake. Maua ya kitenge yamekutana sawasawa kwenye mshono wa katikati, ukilitazama unadhani kitambaa hakikukatwa. Bei 35,000, kitenge changu. Aliniahidi Alhamisi jioni, na Alhamisi jioni lilikuwa tayari.

Kwa mapenzi yake akaongeza kitu ambacho sikumwagiza: sponji ya inchi moja, chini na mgongoni. "Mama Neema, mtoto atalala kama yuko kitandani." Nilimshukuru kwa moyo wote.

Nyumbani Nyegezi, mume wangu akihangaika na mikanda alikuta kijitabu cha maelekezo kimebanwa kwenye mfuko wa nyuma ya kiti. Sehemu ya kava ilikuwa fupi: tumia kava lililotengenezwa kwa ajili ya kiti hiki peke yake. Sikuelewa kitambaa na usalama vinahusianaje, tukaamua kupima.

Nilimketisha Neema juu ya kava jipya, nikavuta mikanda mpaka nikashindwa kuufinya ule wa begani. Hicho ndicho kipimo: ukiweza kuufinya mkanda ukajikunja kati ya kidole gumba na cha shahada, bado umelegea. Haukufinyika. Nikafungua, nikamtoa, na bila kubadilisha urefu wa mikanda nikavua kava la kitenge, nikarudisha lile jeusi, nikamketisha tena na kumfunga. Mkanda ulikaa mbali na kifua chake. Kiganja changu kizima kilipita chini yake, kikatoka upande wa pili. Neema alikuwa akicheka, anadhani ni mchezo, na mimi miguu ilikuwa imeniishia nguvu.

Ulegevu wote ule ulikuwa umefichwa na sponji. Mkono wangu ulikuwa unakaza mkanda juu ya sponji, nami nadhani nakaza juu ya mtoto. Gari likigonga kitu, uzito wa mtoto unaibonyeza sponji kwa nguvu ambayo mkono wa mtu hauwezi kuifikia, inakuwa bapa, na nafasi yake inabaki kuwa mkanda uliolegea. Mtoto anasogea kwanza ndipo anashikwa, au anachomoka begani. Koti zito na blanketi lililokunjwa chini ya mtoto vinaleta hatari hiyo hiyo, kwa hiyo na wewe ambaye hujashonesha chochote, pima.

Baada ya hapo ndipo nikaliangalia kava kwa macho mengine. Kiti kina ngazi tatu za matundu ya mikanda, ili mkanda upande kadiri mtoto anavyokua. Kwa mtoto anayetazama nyuma mkanda unatakiwa utokee usawa wa bega au chini yake kidogo. Fundi alikata matundu ya ngazi moja tu, ya chini kabisa, ambayo Neema ameshaipita. Tundu la kulia lilipishana na la kwenye plastiki, mkanda ukapita umejipinda. Kile kitufe cha kulegezea mikanda, katikati ya miguu, kilikuwa kimefunikwa; ningekuwa napapasa kukitafuta siku ninayotaka kumtoa mtoto haraka. Tena kuna suala la moto. Marekani, kwa mfano, tangu 1972 wana kanuni namba 302 kwamba kitambaa cha ndani ya gari kisiungue kwa kasi ya zaidi ya milimita 102 kwa dakika. Kitenge changu cha pamba hakuna aliyekipima.

Jumamosi nilirudi Makoroboi na kiti chenyewe, na Neema mgongoni.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mama Neema. Limebana?"

Nilirudia jaribio lile lile mbele yake, kava lake kwanza, kisha la zamani. Hakubisha. Alichukua kipande cha sponji kilichobaki, akakibonyeza mezani kwa dole gumba mpaka likagusa mbao, akaachia, kikafutuka. Akabonyeza tena. "Kumbe hii yote ni hewa," akasema, na akafungua droo anirudishie hela. Sikuzipokea, kwa sababu alishona nilichomwomba, na sponji aliiweka kwa kumpenda mtoto. Akasema anaweza kushona jingine jepesi, bila sponji. Hilo pia nilikataa. Hata jepesi linaweza kuteleza au kuvuta mkanda, na sisi wawili hatuna namna ya kulipima isipokuwa kwa ajali.

Tulichokubaliana ni vitu viwili visivyogusa mkanda. Cha kwanza ni shuka la kitenge lenye lastiki, la kukifunika kiti gari likiwa limeegeshwa na kiti kikiwa kitupu, ili vyuma vya kifungio visimuunguze mtoto. Cha pili ni kishuka chepesi cha kumfunika miguu, lakini baada ya mikanda kukazwa. Vyote 12,000, na kitambaa alikitoa kwenye kava lile lile alilolifumua. Vimefuliwa mara nne sasa, hakuna uzi uliotoka.

Kava jeusi nililifua kwa mkono kwa sabuni ya kawaida. Madoa hayakutoka yote, nimeyazoea. Mikanda sikuiloweka wala kuitia jiki, niliipangusa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, maana dawa kali hudhoofisha nyuzi zake. Kiti kipo siti ya nyuma, kinatazama nyuma. Mbele hakiwekwi kamwe, eabegi, ule mfuko wa hewa wa kujikinga na ajali, ya upande wa abiria ikifyatuka inampiga mtoto pamoja na kiti.

Kama fundi wa kushona nampa tano kwa tano. Kwa makava ya viti vya watoto simpi chochote, na nadhani mwenyewe angekubali: wiki iliyopita mama mmoja kutoka Igoma alimpelekea kazi kama yangu, fundi akamwambia akalete mtoto kwanza, akampimisha mikanda pale pale kibarazani. Yule mama akaondoka na shuka la jua. Ukienda, nenda asubuhi kabla vichochoro havijajaa, na ubebe kiti kizima, usipeleke kava peke yake.