TAHADHARI: muuzaji wa "EVA" na "Worbla" za deraya za midoli, msizipige moto kabla hamjasoma hii

Jamani wote mnaotengeneza deraya, ngao na mapanga ya midoli, hasa mlioko Dar na nyie mnaoagiza mikoani mnatumiwa kwa basi, kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Instagram anauza "EVA ya 2 mm" (fomu laini ya kukata deraya) na "Worbla orijino" (shiti za plastiki za kahawia zinazolainika kwa joto ukazifinyanga) na vyote viwili sivyo. Hela inauma lakini kilichonifanya niandike ni zile shiti za kahawia, ukizipiga moto ndani ya nyumba zinadhuru watu, kwaiyo kama umeshanunua na bado hujazigusa naomba usiwashe bloa, ile mashine ya kupuliza hewa ya moto, mpaka umalize kusoma.

Mimi nilimlipa 85,000 kwa fomu na shiti mbili, mzigo ukaja umeviringishwa kwenye nailoni nyeusi, hauna lebo, hauna risiti. Nianze na fomu. EVA ndo ile ile inayotengenezewa soli za ndala na mikeka ya watoto ya kuunganisha vipande, ukiikata kwa wembe ukingo wake unatoka laini, vitundu vyake ni vidogo mno huvioni kirahisi. Hii aliyonitumia ukingo umejaa vipovu vikubwa unavihesabu kwa macho, ukiisugua inalia kama nailoni, yani ni ile fomu ya polyethylene inayozungushiwa vioo na friji zisikwaruzike. Nimeipitishia hewa ya moto kwa mbali, EVA ingefunga uso wake ikawa nyororo na ukiikunja kwenye chupa ikipoa inabaki na umbo la kifua, hii ikajikunyata ikatoboka hapo hapo. Na rangi haishiki, ukipaka akriliki ikikauka unaibandua yote kwa kucha.

Kwenye simu alinijibu "dada hiyo ni density mpya ya China". Sasa hapo ndo mzani wa jikoni unamaliza ubishi. EVA ya kilo 100 kwa mita ya ujazo, kipande cha A4 cha 2 mm kinakuja kama gramu 12, ile ya kufungashia vitu inacheza kwenye gramu 3. Mwambie muuzaji aweke A4 moja juu ya mzani wa kidijitali akupigie video, mwenye mali halisi hawezi kukataa kitu cha dakika moja.

Najua kuna mtu atasema si bora hiyo nyepesi zaidi, si tunatafuta wepesi? Hapana. Wepesi tunautaka kwa sababu mdoli wa viungo vya lastiki ukimvalisha kofia nzito kichwa kinalala, ukimpa ngao nzito mkono unashuka wenyewe, lakini deraya lazima pia ishike umbo na ipokee gundi na rangi. Halafu kuna suala la unene ambalo huyu jamaa analitumia kuwachanganya wageni, anawaambia 5 mm ndo imara. Mdoli wa sentimita 30 yuko kwenye kipimo cha 1 kwa 6, 2 mm kwake ni sawa na 12 mm kwa mtu mzima, hiyo 5 mm ni sawa na kumvalisha mtu ukuta wa sentimita 3. Bamba la bega na kifua linatosha 1 mm, 2 mm unaweka kwenye ngao na soli za buti basi.

Sasa shiti za kahawia. Worbla yenyewe inatoka Ujerumani, inalainika kwenye nyuzi joto kama 90, ile ya kahawia upande mmoja unang'aa kwa sababu una gundi yake na ikiwa ya moto inajishika yenyewe kwa yenyewe, mabaki unayakanda pamoja unapata tena udongo wa kuchongea pembe na vifungo. Alichonitumia ni plastiki nyeupe iliyopuliziwa rangi ya kahawia, nilipoikwaruza kwa kisu weupe ukatokea chini. Pande zote mbili sawa, ikilainika haijishiki na kitu, na ilivyozidi joto kidogo tu ikatoa harufu kali ya kuchoma pua na macho yakaanza kutoa machozi. Nikazima, nikafungua milango, watoto nikawatoa nje.

Ile ni PVC, jamii ya mabomba ya maji. PVC ikiungua inatoa gesi ya hidrojeni kloridi, ikikutana na unyevu wa macho na koo inageuka asidi, ndo maana inachoma vile. Mwenye pumu hiyo sio ya kuvumilia hata sekunde. Na bloa zetu hizi zinapanda mpaka nyuzi 500 na zaidi, kwaiyo kuivusha plastiki joto lake ni kitendo cha kufumba na kufumbua, na wengi tunafanyia kazi chumbani usiku madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbu.

Ukitaka uhakika kuna kipimo cha waya wa shaba, kifanyie NJE tu, upepo ukitokea mgongoni kwako. Chukua waya wa shaba uliovuliwa ganda, ushike na koleo, uchome kwenye moto wa gesi mpaka moto usionyeshe rangi yoyote, uguse shiti ili waya uokote chembe ndogo sana, urudishe kwenye moto. Moto ukiwaka kijani ina klorini, ni PVC, usiitumie kwa joto kabisa. Yangu iliwaka kijani kibichi cha wazi kabisa. Na hata bila moto ni nzito, A4 ya 1 mm ya PVC inakaribia gramu 90, mdoli gani atasimama na hiyo?

Mwenzetu mmoja yeye aliikata baridi akamvalisha mdoli wake moja kwa moja, ile rangi ya kahawia ikaingia kwenye vinili ya mabega na haitoki tena. Hili la rangi kuhama linatokea hata kwa fomu nyeusi nzuri, kwaiyo weka kitambaa cheupe chini ya deraya siku zote.

Anauza pia "fomu ngumu ya kuchongea mapanga", msihangaike nayo, ni lile povu jeupe la kwenye maboksi ya tivii limepakwa rangi ya kijivu. Tone la asetoni linalitoboa, rangi ya kupuliza na gundi ya viatu vinalila vile vile.

Namna anavyofanya kazi: picha zake ni nzuri mno na zimetoka kwa mafundi wa nje, ukizitafuta kwa Google Lens unawaona wenyewe. Anataka hela yote kabla, kwenye namba ya mtu binafsi, na jina linalotokea ukituma sio la duka wala la aliyekuwa anaongea na wewe. Ukiomba ulipe nusu anasema mzigo umebaki mmoja kuna mtu anaupigia. Ukilalamika anafuta komenti, anakublock, na ukurasa anaubadilisha jina picha zikiwa zile zile, ndo maana siandiki jina hapa maana wiki ijayo litakuwa lingine na anaweza kuumia asiyehusika.

Kwa wanaotaka EVA bila kuibiwa, zile karatasi za fomu za rangi za kazi za mikono kwenye maduka ya vifaa vya shule mara nyingi ni EVA kweli na zina 1 mm mpaka 2 mm, unazishika kwa mkono kabla hujalipa, kata ukingo kidogo uangalie. Soli za ndala mpya zinatoa vipini vya panga vizuri sana. Na manila mbili zilizobandikwa kwa gundi nyeupe ya mbao zikapakwa tena gundi juu zinakuwa bamba gumu lisilohitaji moto wowote, kwa wanaoanza mimi ningewaambia waanzie hapo.

Mlioshanunua, zile shiti msizichome hata jalalani na msimpe mtoto achezee. Tunzeni meseji za malipo, voisi noti na picha za mzigo ulivyofika, namba aliyotumia iripotini TCRA, yani Mamlaka ya Mawasiliano, kupitia 15040, na malalamiko ya bidhaa bandia yanapokelewa Tume ya Ushindani. Tukiwa kadhaa wenye ushahidi wa namba ile ile itakuwa rahisi, kwaiyo mwenye muamala anitafute inbox tuunganishe.