Kitabu cha Python nilichonunua Posta: maelezo safi, mifano inatesa

Wadau, wiki ya tatu sasa nasoma kitabu cha Python, ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nilichochukua kwa wale wauza vitabu wa barabarani Posta, 18,000 baada ya kupatana sana. Jina silitaji, ila niseme yaliyonikuta maana najua kuna mwenzangu naye anajisomea usiku akitoka kazini na hana wa kumuuliza.

Maelezo mazuri, hapo sina neno. Shida ni mifano jamani. Python haina mabano kama lugha ya Java ya kuonyesha lupu, yaani mistari ambayo kompyuta inairudiarudia, inaishia wapi, ile nafasi ya mwanzo wa mstari ndo inasema huu uko ndani au nje, sasa hawa wamechapa mifano kwa fonti ileile ya maelezo, herufi hazilingani upana, spesi nne unaziona kama moja. Kuna lupu ya kujumlisha mauzo ya duka imekatwa na ukurasa, nageuza nakuta mstari wa mwisho, ule wa kuongeza bei kwenye jumla, umeanzia kushoto kabisa. Nikauandika vilevile. Programu haikugoma wala nini, ikanipa jibu, kumbe ni bei ya bidhaa ya mwisho peke yake! Nimekaa nayo mpaka saa saba usiku nikidhani mimi ndo sielewi lupu, na hicho ndo kimeniuma zaidi.

Halafu ndani ya programu wanatumia l ndogo kama jina la kitu kinachotunza thamani, na kwa fonti ile haina tofauti na namba 1. Mwongozo wa Python wenyewe, PEP 8, uko tangu 2001 na unakataza hilo waziwazi, tena unasema mstari usizidi herufi 79. Humu mistari inajikunja hovyo bila alama, hujui ni mmoja au miwili.

Dada mmoja kazini kaniazima chake, kila herufi upana sawa, mistari mifupi ina namba, yaani macho yanapumua.

Changu sijakitupa kwa ajili ya yale maelezo. Kila mfano kwanza nachukua rula na penseli napiga mstari wa wima kutoka lupu inapoanzia, ndo nawasha laptopu. Ukienda kununua, kabla hujatoa hela fungua penye lupu, tafuta namba 1 na herufi l uone kama unazitofautisha, ukishindwa rudisha.