Kumbukumbu ya mabaharia Tower Hill, London: nyota 5, lakini nendeni wenyewe

Nianze na ushauri kabisa, msiende hapa na zile ziara za kundi za kulipia. Mimi mara ya kwanza nililipa hela yangu kwa kampuni moja (jina naliacha), mwongoza watalii akanyoosha kidole tu, pale ni pa mabaharia, haya twendeni, basi, tukapita. Iliniuma sana maana marehemu baba alikuwa baharia wa meli za mizigo, kasafiri miaka na miaka, nikasema hapa lazima nirudi, na nikarudi asubuhi moja ya siku ya kazi mvua inanyunya.

Ukitoka stesheni ya Tower Hill unavuka tu, bustani inaitwa Trinity Square. Kiingilio hakuna, foleni hakuna, hakuna wa kukuharakisha. Sehemu ya vita vya kwanza vya dunia ni jengo la mawe lenye nguzo nene, liko wazi kama baraza, alilichora Edwin Lutyens, likazinduliwa 1928, majina kama 12,000. Ya vita vya pili ilizinduliwa 1955, hii ni bustani iliyochimbwa ikashuka chini, unateremka ngazi na magari unaanza kuyasikia kwa mbali, ukuta umekuzunguka wote majina, karibu 24,000, na katikati pale chini kuna dira kubwa ya shaba. Maandishi yanasema ni watu wasio na kaburi ila bahari. Na hao sio wanajeshi jamani, ni mabaharia wa meli za mizigo na abiria, na wavuvi, mpishi yumo, fundi injini yumo, mtia makaa yumo, wamebeba chakula na mafuta huku nyambizi zinawawinda.

Kilichonishika ni mpangilio. Majina yamepangwa kwa meli, jina la meli kwanza halafu nahodha halafu watu wake. Aliyeishi na baharia ataelewa, baba akimtaja rafiki yake hasemi mtoto wa fulani wala mtu wa wapi, anataja meli waliyokuwa pamoja, kwa sababu mule ndani mnakula pamoja mnalala pamoja mnagombana mnapatana, miezi. Kwa hiyo na hapa wameachwa pamoja. Niliikuta Lusitania, ile meli ya abiria ya Kiingereza iliyozamishwa Mei 1915, nikapitisha kidole kwenye majina ya watu wake, shaba ya baridi, matone ya mvua yameng'ang'ania kwenye herufi. Hatua chache mbele mtu kaegesha picha ya kijana kavaa kofia, kaitia kwenye plastiki isilowe, na plastiki yenyewe bado mpya, yaani kuna mtu bado anakuja.

Ila pana jambo nililiwaza njia nzima ya kurudi. Meli za Kiingereza zilikuwa zimejaa mabaharia wa Kihindi, maelfu, na wao kumbukumbu yao iko Mumbai, na Chittagong kule Bangladesh, sio hapa. Meli moja, kombora moja, lakini majina yao yametenganishwa. Nikaikumbuka Khedive Ismail, meli iliyobeba askari, iliyoondoka Mombasa kwenda Colombo na kupigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives tarehe 12 Februari 1944, ikazama ndani ya dakika mbili hivi, wakafa watu 1,297, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, vijana wetu wa huku kabisa. Hao majina yao yako Nairobi, makaburi ya vita ya barabara ya Ngong. Mimi ningetamani ukutani pale Tower Hill, chini ya meli zenye watu waliowekwa kwingine, pawe hata na mstari mmoja unaosema wenzao wako wapi. Nyota sipunguzi, lakini hili nalisema kwa moyo wote.

Kwa anayetaka kwenda kumtafuta mtu wake, ingia kwanza kwenye tovuti ya Commonwealth War Graves Commission, tume inayotunza makaburi na kumbukumbu za vita, bure kabisa, andika jina, itakupa meli na namba ya bamba, bila hivyo utazunguka mpaka miguu iume. Vaeni viatu visivyoteleza, ngazi zikilowa si salama kwa wazee. Tarehe 3 Septemba ndiyo siku ya mabaharia hawa huko Uingereza.

Mimi Desemba nikija likizo napitia Nairobi kwanza, majina ya wale wa Khedive Ismail nataka niyasome mwenyewe.